Injini Kaua Mwenyewe, Msala Kamtupia Fundi

Kuna jamaa mmoja wa Sydney, Australia, jina lake libaki kapuni, wanaomfuatilia wameshamjua. Ana Mazda RX-7 ya mashindano ya dragi, injini ya rotari, turbo kubwa kama sufuria la pilau la harusi, na kwenye tenki hakuna petroli, kuna ethanoli. Klipu zake zinatembea mpaka kwenye simu za vijana wa Sinza na Umoja, kwa sababu ule mlio wa "brap brap brap" gari likiwa limesimama tu, hata mtu asiyejua kuendesha lazima aongeze sauti.

Juzi kati chuma kikapasuka. Usiku, majukwaa yamejaa, simu zote juu. Gari likatoka vizuri kwenye taa, likakaza, halafu karibu na mwisho wa zile mita 402 mlio ukabadilika ghafla, moshi ukafunika njia nzima, kwisha habari. Asubuhi jamaa akaingia laivu na miwani nyeusi, akasema tyuna wake, yaani yule fundi anayepanga kompyuta ya injini, ndiye aliyemuulia gari. Hakumtaja jina, ila alitaja gereji iko upande gani wa mji. Ikatosha. Mpaka jioni ukurasa wa yule fundi ulikuwa umejaa matusi ya watu ambao hawajawahi kushika hata plagi.

Sasa wadau, ukweli usemwe. Yaliyovuja baadaye yanaonyesha fundi hakuua kitu. Injini ile imeuliwa na mwenyewe, na mashabiki waliokuwa wanamchochea nao mikono yao si misafi.

ILIVYOANZA

Wiki chache kabla, jamaa aliposti klipu ya gari likipimwa nguvu kwenye daino, ile mashine ambayo gari linakimbia kwenye mapipa ya chuma huku limefungwa mahali pamoja. Namba ilikuwa nzuri tu. Shida ni kwamba mpinzani wake, naye ana rotari, alikuwa ameposti yake siku tatu nyuma, na ya mpinzani ilikuwa juu. Komenti zikaanza kumiminika. Umeishiwa? Hicho chuma au baiskeli? Ethanoli yote hiyo unaogopa nini?

Watu wa karibu wanasema jamaa alirudi gereji kumtaka fundi aongeze taimingi. Fundi akagoma. Akamfungulia grafu akamwonyesha: walipotoka digrii 12 kwenda 14 nguvu ilipanda ya kuonekana, walipotoka 14 kwenda 16 ikapanda kiduchu tu. Maana yake dari limefika, ukiendelea unagonga kichwa. Jamaa akaona huyu mzee muoga. Akalipeleka gari kwa kijana mwingine mwenye laptopu moja na wafuasi kibao, wakaongeza digrii 4 juu ya zile 16, busti ileile. Daino ikatoa namba kubwa kidogo. Ikapostiwa na moto juu. Komenti zikageuka sifa.

Wiki mbili baadaye, moshi.

HIZO DIGRII NI ZA NINI

Kwa wale waliokuja kwa ajili ya umbea tu, msikimbie, hapa ndipo umbea wenyewe ulipo.

Ndani ya rotari hakuna pistoni. Kuna rota, chuma chenye umbo la sambusa iliyovimba mbavu, kinazunguka ndani ya chumba kinachofanana na namba nane iliyonenepa. Kwenye kila ncha ya ile sambusa kuna sili nyembamba. Kwenye RX-7 za mwisho mwisho unene wake ni milimita 2 tu. Sili hizo ndizo zinazotenganisha chumba kimoja na kingine. Ikivunjika moja, rota hiyo haina mbano tena, na injini hainyanyuki mpaka ifunguliwe yote.

Injini yao maarufu, 13B, ina rota mbili na cc 1,308 tu. Kila rota ina plagi mbili. Moja inatangulia kuwasha, nyingine inafuata nyuma kidogo. Sababu ni kwamba chumba cha kuunguzia ni kirefu na chembamba, tena kinahama wakati moto unasambaa. Moto unapenda kukimbilia kule rota inakoelekea, na upande wa nyuma unabaki na mafuta na hewa ambayo haijaungua. Plagi ya pili iko pale kusaidia kumalizia mabaki hayo. Na huko nyuma ndiko balaa linakopenda kuanzia: mabaki yakibanwa na kupashwa joto kupita kiasi, hayaungui tena kwa mpangilio, yanalipuka yenyewe kwa pamoja. Mafundi wetu wanasema injini inagonga.

Injini ya pistoni ikigonga kidogo unasikia, unapunguza mguu, unafika nyumbani. Rotari yenye turbo haina huruma hiyo. Pigo moja zito linaweza kumega sili, kipande kikatokea kwenye ekzosi na kwenda kukata mapanga ya turbo. Hasara mbili kwa mkupuo.

Taimingi ni suala la cheche ipigwe lini. Ikiwahi sana, presha inapanda wakati rota bado inabana, kwa hiyo moto unashindana na injini yenyewe. Ikichelewa sana, moto unaishia kwenye ekzosi badala ya kusukuma. Katikati kuna mahali ambapo presha inafika kileleni wakati muafaka wa kusukuma, na hapo ndipo fundi anapopatafuta.

Kwenye mizunguko 9,000 kwa dakika, digrii moja ni kama kuikata sekunde vipande 54,000 ukachukua kimoja. Kwa mwendo huohuo kila rota inawaka mara 150 kwa sekunde, mbili kwa pamoja mara 300. Kwa hiyo aliyeweka digrii 4 zisizotakiwa hajakosea mara moja. Amekosea mara 300 kila sekunde, mpaka mwisho wa njia.

Na hii si stori ya magereji ya mtaani tu. Mwaka 1991 Mazda iliposhinda mbio za saa 24 za Le Mans na ile 787B ya rota nne, kila rota ilikuwa na plagi tatu. Wahandisi wa kiwanda kizima waliona mbili hazitoshi kuumaliza ule moto. Halafu kijana wa laptopu anabadilisha mpangilio wa plagi kwa sababu komenti zimemuuma bosi wake.

ETHANOLI INASAMEHE, NA HAPO NDIPO INAPODANGANYA

Kelele kubwa ya mashabiki ni hii: ethanoli inavumilia, kwa hiyo fundi alikuwa na uoga wa bure. Nusu yake ni kweli.

Ethanoli ina oktani ya juu kuliko petroli ya sheli. Kila kilo yake ikigeuka mvuke inanyonya joto kama mara mbili na nusu ya petroli, kwa hiyo hewa inaingia kwenye injini ikiwa baridi zaidi. Halafu inaliwa nyingi. Petroli inataka kilo moja kwa kila kilo 14.7 za hewa, ethanoli tupu inataka kilo moja kwa kilo 9 tu. Ndiyo maana magari haya yana nozeli kubwa na pampu mbili au tatu za mafuta. Mafuta mengi, ubaridi mwingi, kugonga kunakaa mbali. Mtu wa petroli aliyekuwa amebanwa kwenye digrii chache anapata nafasi ya kupanda. Hapo ubishi hakuna.

Sasa nusu iliyobaki. Petroli inakuwekea ukuta: ukizidisha, injini inagonga, unajua umefika. Ethanoli inauondoa ukuta huo, ila haisogezi mahali ambapo nguvu inaishia. Moto wake hauendi polepole kuliko wa petroli, kwa hiyo wala hauhitaji kuwahishwa sana. Ukishafika pale panapofaa, kila digrii ya ziada haileti nguvu, inaleta presha tu. Presha kwenye sili, presha kwenye beringi, presha kwenye nyumba ya rota. Na injini imenyamaza kimya, haikuonyi. Daino inaonyesha namba ileile au imeongezeka kama ya kuhonga, kijana anapiga picha, anaposti.

Fundi mzoefu anajua kwamba kwenye ethanoli anasimamishwa na grafu, kwa sababu sikio halitamsaidia tena. Grafu ikilala, anarudisha digrii moja au mbili nyuma anaacha. Nguvu haipungui ya maana, ila anabaki na akiba. Wenye akili timamu wanamlipa kwa ajili ya hiyo akiba.

Kuna kingine ambacho mashabiki hawakijui kabisa. Ethanoli ni ngumu kugonga, lakini ni rahisi kuwaka kabla ya cheche ikikuta kitu chenye moto mkali, kama ncha ya plagi iliyozidiwa. Ukizidisha taimingi, joto la chumba linapanda, ncha ya plagi inageuka mkaa wa kuwashia. Hapo kompyuta haina tena usemi kuhusu taimingi. Mafuta yanajiwasha yakitaka, na yanataka mapema.

LOGI ILIPOVUJA

Siku nne baada ya ile laivu, picha za logi ya kompyuta ya gari zikaanza kuzunguka kwenye magrupu ya watu wa rotari. Haijulikani nani kazitoa, ila hakuna aliyezikana.

Kwanza, ramani iliyokuwa ndani si ya fundi wa kwanza. Taimingi ni 20, wakati yeye aliacha 16. Pili, ule mpishano kati ya plagi inayotangulia na inayofuata, ambao mzee aliuacha kwenye digrii 12, umebanwa mpaka 5. Yaani ile plagi ya nyuma, kule ambako mabaki yanalipuka, nayo imewahishwa. Huwa inaleta nguvu kidogo kwenye daino, na ndiyo njia ya mkato ya kutafuta namba ya kuposti.

Tatu, na hii ndiyo iliyowamaliza watu, sensa ya mafuta inasoma asilimia 71 ya ethanoli. Pipa la zamani lilikuwa 84. Walinunua mahali pengine siku ya mbio. Hili ni jambo la kawaida, hata Marekani kinachouzwa kwa jina la E85 kinaruhusiwa kuwa na ethanoli kuanzia asilimia 51 mpaka 83 kulingana na msimu. Ndiyo maana mafundi huweka jedwali: ethanoli ikishuka, taimingi inashuka yenyewe. Mzee alikuwa ameliweka. Kijana alilizima.

Nne, kasi. Mwishoni mwa njia huwa wanapima gari linapita na kasi gani, na kasi hiyo haina urafiki na mtu, ndiyo inayosema nguvu ya kweli iko wapi. Kwa ramani ya mzee gari lilikuwa linapita na kilomita 238 kwa saa. Kwa ramani mpya, jaribio la kwanza usiku ule, 238. Zilezile. Digrii 4, mpishano umebanwa, ulinzi umezimwa, na hakuna hata kilomita moja iliyoongezeka. Jaribio la pili ndilo lile la moshi.

Kwa hiyo jamaa alibadilisha injini nzima kwa namba ya kwenye skrini. RX-7 yenyewe Mazda iliacha kuitengeneza mwaka 2002. Kila nyumba ya rota inayochanika leo ni moja imepungua duniani.

TETESI ZA KUMTETEA JAMAA

Timu jamaa bado ipo, na ina hoja zake.

Wapo wanaosema mzee angefunga ramani kwa neno la siri, kijana asingeweza kuigusa. Inawezekana. Mafundi wengine hufunga. Lakini gari ni la mtu, na mwenye gari akitaka kwenda kwingine ana haki yake, hata kwa kufuta kila kitu na kuanza upya. Kufuli halimzuii mtu aliyeamua. Tena mzee akifunga, walewale wangesema anabania mali ya mwenzake.

Wengine wanasema kama digrii nyingi ni hatari, si angeweka chache kabisa gari liwe salama? Hapana, huko nako kuna moto. Ukichelewesha cheche sana, mafuta yanaungulia kwenye ekzosi, na rotari ekzosi yake ni ya moto hata bila kuchokozwa. Wakiwa kwenye laini ya kuanzia wanafanya hivyo kwa makusudi, sekunde chache tu, ili ule moto uzungushe turbo kabla gari halijaondoka. Hata ile milipuko ya "pa pa pa" wanayoishabikia vijana wa Subaru pale Nairobi inatoka kwenye ujanja wa namna hiyohiyo. Ukiendesha njia nzima hivyo, unachoma turbo. Kila upande una hatari yake, na anayejua katikati iko wapi ni yule aliyeongeza digrii moja moja huku anaangalia grafu, plagi na kasi.

Na wapo wanaosema kijana wa laptopu naye alijitafutia riziki. Kweli, na pengine ana kipaji. Ila alikubali kazi aliyojua mwenzake ameikataa, hakuuliza kwa nini imekataliwa, akazima ulinzi, na gari lilipopasuka akanyamaza kimya huku mtu mwingine anatukanwa kwa kazi yake. Hilo la mwisho ndilo baya zaidi. Kukosea digrii kunasameheka, watu wote wamejifunzia kwenye injini ya mtu.

DENI LA MASHABIKI

Mpaka leo jamaa hajafuta ile video. Ameacha kuizungumzia, anaposti picha za injini mpya inayokuja. Kule kwa mzee, inasemekana wateja wawili walisitisha kazi wiki ileile ya matusi, kabla logi haijavuja. Kwa gereji ya mtu na msaidizi mmoja, wateja wawili ni kodi ya mwezi. Waliomtukana wengi wamefuta komenti zao kimyakimya. Kufuta si kuomba radhi.

Tena kuna jambo hakuna aliyeligusa. Injini ya rotari ikipasuka kwa kasi ile, oili inaweza kumwagika chini ya matairi ya nyuma. Jamaa alikuwa na kilomita mia mbili na zaidi kwa saa, ukuta wa zege upande mmoja na mpinzani upande wa pili. Aliposimama salama watu wakapiga makofi wakaona mchezo umeisha. Kelele za "ongeza, unaogopa nini" zilikuwa zinapigwa na watu walio kitandani na simu, wakimwambia mtu aliye ndani ya chuma.

Mashabiki wa magari haya wana nguvu kuliko wanavyodhani. Wamiliki wanasoma komenti. Wakiona watu wanashangilia namba ya daino, watatafuta namba ya daino kwa gharama yoyote. Wakiona watu wanauliza gari limepita na kasi gani mwisho wa njia, limekimbia mara ngapi bila kufunguliwa, sili zina umri gani, watajenga magari ya kujibu maswali hayo. Yule mzee gari zake zinamaliza msimu. Hazina klipu za kutisha, na hakuna anayezishea.

Jamaa anatakiwa arudi laivu, bila miwani, aseme ramani ilikuwa ya nani. Dakika mbili tu. Injini atanunua nyingine, hela anayo. Jina la mzee wa watu halinunuliwi.

Haya wadau, komenti ni zenu. Hasara ya injini ile ailipe nani: mwenye gari aliyelazimisha, kijana wa laptopu aliyezima ulinzi, au wagawane? Na wewe uliyemtukana mzee siku ile, umeshamwomba radhi?